Njia ya Mwisho ya Vicente Guerrero

Katikati ya Januari 1831, nahodha mmoja wa Genoa aitwaye Francesco Picaluga alikuwa ametia nanga merikebu yake, Colombo, katika bandari ya Acapulco. Akamwalika Vicente Guerrero chakula cha mchana chomboni. Walikuwa wanafahamiana. Guerrero alikuwa rais wa Meksiko aliyepinduliwa, na wakati huo alikuwa akiongoza vita vya msituni katika milima ya kusini ambako jeshi la serikali lilishindwa kumtia mkononi. Alipanda, akala, na kabla hajashuka nanga ikang'olewa. Picaluga alikuwa amekwisha kupatana na serikali kuhusu bei ya mgeni wake, peso 50,000. Merikebu ikafuata pwani kuelekea kusini-mashariki, ikamshusha mfungwa katika ghuba ndogo ya Huatulco, mikononi mwa askari waliokuwa wakimngoja. Kutoka hapo alipandishwa milimani hadi mji wa Oaxaca, akashtakiwa, akahukumiwa, na alfajiri ya Februari 14 akapigwa risasi katika kijiji cha Cuilapan.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza mtu huyu anatuhusu nini. Guerrero alikuwa na damu ya Kiafrika iliyochanganyika na damu ya wenyeji wa asili wa Meksiko. Septemba 15, 1829, akiwa rais, alitangaza amri ya kufuta utumwa nchini mwake. Hiyo ni miaka 34 kabla ya tangazo la Abraham Lincoln, na miaka 44 kabla Sultani Barghash hajafunga soko la watumwa la Unguja. Shuleni nilifundishwa habari za Wilberforce, za Livingstone, za mkataba wa 1873. Jina la Guerrero sikulisikia hata siku moja. Nilipokuja kulisikia, ukubwani, nilitamani kuikanyaga njia aliyopitishwa, na hamu hiyo ndiyo iliyonipeleka Oaxaca. Nilipanga chumba Jalatlaco, mtaa wa zamani wa watengeneza ngozi, mashariki ya katikati ya mji. Nilifika mvua zikianza, nikaondoka wakati masoko yamejaa maua ya rangi ya chungwa ya Siku ya Wafu.

Ghuba aliyoshushiwa Guerrero imebaki na jina la tukio hilo. Wenyeji huiita La Entrega, yaani makabidhiano. Leo ni ufuo wa kuogelea. Matumbawe yako karibu na nchi kavu, watoto hutumbukia wakiwa na miwani ya maji, na vibandani hukaangwa samaki mzima na kuletwa na ndimu. Serikali ya Meksiko ilianza kuijenga Huatulco iwe mji wa hoteli katika miaka ya 1980, na wageni wengi hufika, wakaoga, wakaondoka bila kuuliza ni nani aliyekabidhiwa na kwa nani.

Lakini pwani hii ilikuwa na historia ndefu kabla ya Guerrero. Katika karne ya 16, kabla Acapulco haijashika usukani, Huatulco ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya Wahispania upande huu wa Pasifiki. Vyombo vya kutoka na kwenda Peru vilitia nanga hapa, na bidhaa zikapandishwa milimani hadi Oaxaca. Francis Drake aliivamia mwaka 1579. Thomas Cavendish aliichoma moto mwaka 1587, na masimulizi ya hapa yanasema alijaribu pia kuuteketeza msalaba mkubwa wa mbao uliosimama ufukweni, lakini haukushika moto. Mwaka 1612 askofu Juan de Cervantes aliuhamishia mjini Oaxaca, na kipande chake kingali katika kikanisa ndani ya kanisa kuu. Kwa hiyo miaka zaidi ya 200 kabla ya Guerrero, msalaba huo ulikuwa umepandishwa kutoka pwani hii hii hadi mji ule ule.

Na Acapulco alikotekwa ina jambo linalotugusa sisi moja kwa moja. Tangu 1565 hadi 1815 merikebu za Uhispania zilikuwa zikivuka Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, zikileta hariri, vyombo vya kauri, viungo, na watu. Wareno walikuwa wakinunua watu pwani ya Msumbiji, wakiwapitisha Goa na vituo vyao vingine vya Asia, na baadhi yao wakauzwa Manila na kuishia Meksiko. Hawakuwa wengi. Waafrika waliopelekwa Meksiko enzi za ukoloni, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa 200,000 hivi, wengi sana waliingilia Veracruz, upande wa Atlantiki, wakitoka Afrika ya Magharibi na Angola. Hata hivyo wapo waliokuja kwa bahari yetu. Nikiwa nimekaa La Entrega nikitazama maji yaleyale yaliyomleta Guerrero amefungwa, niliwafikiria hao wachache walioizunguka zaidi ya nusu ya dunia na kushushwa kwenye pwani isiyo na mtu wa kuwaelewa.

Kutoka Pochutla, jirani na Huatulco, barabara namba 175 inaanza kupanda kuelekea Oaxaca. Tangu Februari 2024 kuna barabara mpya inayotoka Puerto Escondido, fupi na pana, na madereva wengi wameihama ya zamani. Mimi niliichagua ya zamani kwa sababu inapanda polepole na kukuonyesha nchi. Kwanza minazi na mipapai, halafu mibuni chini ya miti ya kivuli, halafu misonobari, na hatimaye ukungu wa San José del Pacífico, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kona hazihesabiki. Abiria wenzangu, waliozoea, walilala. Mimi nilikuwa nikiwaza baridi ya usiku inavyompata mtu aliyetolewa pwani na nguo za pwani, akiwa juu ya mnyama, kwenye vijia visivyo na nafasi ya wanyama wawili kupishana. Askari walimfikisha Oaxaca mwanzoni mwa Februari.

Kinachoniuma zaidi katika mwendo huo ni kwamba Guerrero alikuwa mtu wa barabara. Alizaliwa mwaka 1782 huko Tixtla, kwenye milima iliyo nyuma ya Acapulco, katika familia ya wachukuzi walioendesha baghala, wale wanyama wenye nguvu wazaliwao kwa punda na farasi. Kazi hiyo ilishikwa sana na watu weusi huru na machotara, kwa sababu ilihitaji nguvu na ujuzi bila kuhitaji shamba wala cheo, vitu ambavyo sheria na desturi ziliwanyima. Mchukuzi alijua kisima kilipo, kijiji gani kina mahindi, mto gani haupitiki baada ya mvua. Alijua watu kwa majina. José María Morelos, padri aliyeongoza vita vya uhuru upande wa kusini, naye alikuwa amewahi kufanya kazi hiyo ujanani, na Guerrero alipojiunga naye alikuja na ramani yote ya kusini kichwani. Morelos aliuteka mji wa Oaxaca Novemba 1812. Alipokamatwa na kuuawa mwaka 1815, vita vilikaribia kuzimika. Guerrero hakuviacha. Inasimuliwa kwamba Wahispania walimtuma baba yake mzazi aje kumsihi ajisalimishe, naye akajibu mbele ya askari wake kwamba anamheshimu baba yake, lakini nchi ni kwanza. Jibu hilo leo ndilo kaulimbiu ya jimbo lililoanzishwa mwaka 1849 na kupewa jina lake.

Mtu kama huyo huwezi kumkamata milimani. Ndiyo maana walimkamata baharini, tena mezani. Kwetu pwani, kumdhuru mgeni aliyekula chakula chako ni aibu inayowafuata hata wajukuu. Wameksiko wa wakati ule waliliona hivyo hivyo, na jina la Picaluga limebaki kuwa jina la msaliti hadi leo.

Oaxaca ulipewa hadhi ya mji na mfalme wa Uhispania mwaka 1532, wakati huo ukiitwa Antequera. Mitaa yake ilipimwa na Alonso García Bravo, yule yule aliyekuwa amepima Jiji la Meksiko, ikanyooka na kukatana kuanzia uwanja wa katikati, na mpango huo haujabadilika. Nyumba ni fupi na kuta ni nene, kwa sababu ardhi hii hutetemeka mara kwa mara na kila kizazi kimejenga upya kitu kilichoangushwa. Jiwe la ujenzi ni la kijani kibichi kilichofifia. Linapolowana na mvua rangi yake huiva, na jioni za Agosti, baada ya ngurumo, mji mzima huonekana kama umetoka kuchongwa.

Utajiri uliolipia makanisa haya ulitoka kwa mdudu. Kochinili ni mdudu mdogo anayenyonya utomvu wa mpungate, na jike lake lililokaushwa hutoa rangi nyekundu ambayo Ulaya haikuwa na mfano wake. Huhitajika wadudu 70,000 hivi kupata ratili moja. Karne ya 18 rangi hii ilikuwa ya pili baada ya fedha katika bidhaa zilizotoka Meksiko, na sehemu yake kubwa ilitoka katika vijiji vya Oaxaca. Wakuu wa wilaya waliwakopesha wanavijiji fedha mapema kwa bei waliyoipanga wao, kisha wakaja kudai mzigo. Huko Teotitlán del Valle, kijiji cha wafumaji, mama mmoja aliniwekea kiganjani mdudu mmoja mkavu, wa kijivu, mdogo kuliko punje ya mtama. Akaniambia nimsage kwa kidole. Kiganja kikawa zambarau. Akakamua ndimu, na papo hapo zambarau ikageuka nyekundu ya moto. Akanyunyiza chokaa, nyekundu ikarudi kuwa zambarau iliyokolea. Rangi ile ilikaa kwenye mistari ya mkono wangu hadi siku ya pili. Magunia ya wadudu hao yalikwenda Veracruz kwa misafara ya baghala, na mbele ya misafara hiyo walikuwapo wachukuzi wa aina ya Guerrero.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali mjini. Oaxaca inajivunia watu wake wa asili, na ina haki. Jimbo linatambua makabila ya asili yasiyopungua 15. Wazapoteki walijenga Monte Albán juu ya kilima kinachotazama mji huu, yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Mwaka 1932 mwanaakiolojia Alfonso Caso alifukua huko kaburi namba 7, na dhahabu ya Wamisteki iliyotoka humo huonyeshwa katika nyumba ya zamani ya watawa wa Santo Domingo. Benito Juárez, Mzapoteki aliyefika mjini hapa mwaka 1818 akiwa mtoto yatima wa miaka 12, akitembea kwa miguu kutoka kijijini Guelatao, akawa rais wa taifa. Lakini nilipouliza habari za Waafrika, mama aliyenipangisha chumba, mwanamke mkarimu aliyenifundisha kunywa tejate, alinijibu kwa upole, "Weusi wako pwani, mwanangu. Hapa hawakuwapo."

Walikuwapo. Walikuwa wapishi, waashi, mayaya, watumishi wa makasisi na wa matajiri. Enzi za ukoloni vitabu vya ubatizo vya Meksiko viliandika rangi ya kila mtoto, na kulikuwa na orodha ndefu ya majina ya michanganyiko, kila jina na daraja lake. Kisha, Septemba 1822, mwaka mmoja baada ya uhuru, bunge likapiga marufuku kuandika asili ya mtu katika hati za umma na za kanisa. Lilikuwa tendo la haki. Ndilo Guerrero na wenzake walilolipigania, kwamba Mzungu, Mwafrika na mwenyeji wa asili wote ni raia. Lakini sheria hiyo ilipoondoa unyonge kwenye karatasi, iliwaondoa na watu wenyewe. Lugha za wenyeji ziliendelea kusikika sokoni, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema Wazapoteki hawapo. Wazawa wa Waafrika, ambao lugha zao zilikuwa zimekwisha kupotea, hawakuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa sura zao, na sura haihesabiwi na serikali isiyouliza. Taifa likajieleza kwa wazazi wawili, Mhispania na mwenyeji wa asili, na mzazi wa tatu akasahauliwa.

Mzazi huyo wa tatu alirudishwa kwa jasho la watu wa Costa Chica, ile pwani inayoanzia karibu na Acapulco na kuingia Oaxaca, ambako vijiji vya watu weusi havikuweza kufichika. Mwanaanthropolojia Gonzalo Aguirre Beltrán alichapisha kitabu chake kuhusu watu weusi wa Meksiko mwaka 1946, lakini kitabu si sensa. Jimbo la Oaxaca liliwatambua katika katiba yake mwaka 2013. Serikali kuu iliwauliza watu kwa mara ya kwanza kama wanajitambua kuwa wa asili ya Kiafrika mwaka 2015. Agosti 2019 katiba ya taifa ikawataja. Na sensa ya 2020 ikapata watu zaidi ya milioni 2.5, yaani asilimia 2 ya Wameksiko wote, huku jimbo lenye kiwango cha juu kuliko yote likiwa Guerrero, asilimia 8.6. Nilimsomea mama mwenye nyumba hesabu hizo jikoni kwake. Alinyamaza, kisha akanitajia bibi yake mzaa baba, aliyetoka Pinotepa, huko huko pwani, na nywele zake ambazo hakuna kitana kilichoziweza. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa akinitafutia vitabu.

Tejate aliyonifundisha kunywa ni kinywaji cha mahindi, kakao iliyokaangwa, kokwa ya tunda la mamey na ua dogo la mti wa hapa. Vyote husagwa, vikakandwa kwa mkono katika beseni kubwa la udongo huku maji yakiongezwa kidogo kidogo, mpaka povu jeupe na zito lipande juu. Wanawake wauzao hukanda kwa muda mrefu, mkono ukizama mpaka kiwiko. Nilikuwa nikienda kuinywa asubuhi kabla ya kuingia maktaba.

Maktabani nilisoma ile amri ya 1829. Ni fupi mno. Ibara ya kwanza inasema utumwa umefutwa katika jamhuri. Ya pili inasema basi wote waliohesabiwa kuwa watumwa hadi leo ni huru. Ya tatu inasema hazina itakaporuhusu, wenye watumwa watafidiwa. Namna ilivyopatikana ni funzo la siasa. Julai ile Wahispania walikuwa wametua Tampico kutaka kuirudisha nchi chini yao, na bunge likampa rais mamlaka ya dharura. Mwanasiasa José María Tornel, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiutaka utumwa ufutwe, aliona mlango umefunguka, na amri ikatoka kwa mamlaka hayo siku ya kuamkia maadhimisho ya uhuru. Watumwa waliobaki wakati huo hawakuwa wengi, isipokuwa mahali pamoja. Huko Texas, walowezi kutoka Marekani walikuwa wakilima pamba kwa mikono ya watumwa. Walipiga kelele, na Desemba Guerrero akalazimika kuitoa Texas katika amri hiyo. Kwa maoni yangu hilo ndilo doa zito kuliko yote katika urais wake. Hata hivyo, kwa miongo iliyofuata, watumwa wa Texas na Louisiana waliotoroka walijua kwamba uhuru unapatikana upande wa kusini, ng'ambo ya mto Río Bravo.

Nililinganisha amri hiyo na ile ya Unguja ya 1897, ambayo ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kuomba uhuru wake. Guerrero hakumwambia mtu aombe.

Sitaficha kwamba urais wenyewe aliupata kwa njia isiyonyooka. Kura za 1828 zilimpa ushindi Manuel Gómez Pedraza. Wafuasi wa Guerrero waliasi, Gómez Pedraza akakimbia, na bunge likamweka Guerrero, akaapishwa Aprili 1829. Desemba ya mwaka huohuo makamu wake, Anastasio Bustamante, akampindua. Bunge, badala ya kutafuta kosa, lilitangaza kwamba Guerrero hana uwezo wa kutawala. Katika vyumba vya matajiri wa Jiji la Meksiko walikuwa wamekwisha kulisema hilo kwa maneno mengine, wakicheka Kihispania chake cha milimani, rangi yake na nywele zake.

Viongozi wengi wa Meksiko walipinduliwa katika miaka hiyo, na kwa kawaida walipelekwa uhamishoni, wakarudi, wakatawala tena. Agustín de Iturbide aliuawa mwaka 1824, lakini yeye alikuwa ametawazwa kuwa mfalme. Mwanahistoria Jan Bazant aliandika kwamba huenda kuuawa kwa Guerrero kulikuwa onyo kwa wote waliohesabiwa kuwa duni kwa hali na kwa asili, wasithubutu kuota urais. Nimesoma utetezi wa mawaziri wa Bustamante, waliodai kwamba fedha alizopewa Picaluga zilikuwa ujira wa merikebu tu. Nakubaliana na Bazant, na naondoa lile "huenda".

Hawakumuua mjini. Walimtoa nje, hadi Cuilapan, kijiji chenye nyumba kubwa ya watawa Wadominiko, mbali na macho ya watu wa sokoni. Mimi nilikwenda kwa miguu, nikaanza safari kabla hakujapambazuka. Njia inapita Xoxocotlán, chini ya kilima cha Monte Albán, halafu mashamba ya mahindi na majani ya mifugo. Mbwa walinibwekea mpaka jua lilipochomoza. Ni mwendo wa asubuhi moja, tambarare, na mtu aliyezaliwa milimani angeukamilisha bila kuhema.

Kutoka mbali unaona kuta zilizosimama bila paa. Wadominiko walianza kujenga Cuilapan katikati ya karne ya 16, na ukutani kuna jiwe lililochongwa mwaka 1555 kwa tarehe ya Kikristo pamoja na alama za kalenda ya Wamisteki. Ukumbi mrefu wenye safu mbili za nguzo haukuwahi kukamilika. Unatembea kati ya nguzo hizo huku mbingu ikiwa juu yako, mbayuwayu wakiingia upande mmoja na kutokea wa pili, na mwangwi wa hatua zako hauna mahali pa kugonga. Nyuma yake ni nyumba ya watawa, yenye ua wa mraba na baraza zenye matao.

Chumba wanachokionyesha kuwa cha usiku wa mwisho wa Guerrero ni kidogo. Ukuta wake una unene wa mkono mzima ulionyooshwa. Nililipima dirisha kwa kuingiza mkono wangu, na ncha za vidole ndizo zilizofika kwenye jua. Sakafu ni ya vigae vilivyolika. Kuna picha yake ukutani, na jambo la kwanza nililolitafuta ni kama mchoraji amemwacha na rangi yake. Amemwacha, pamoja na nywele za mawimbi na ndevu nzito za mashavuni, kama zilivyo katika ile picha maarufu aliyoichora Anacleto Escutia mwaka 1850. Mzee mlinzi aliniacha peke yangu kwa muda, kisha akaja kunionyesha mahali penyewe, nje, nyuma ya jengo, ambapo pamejengwa mnara. Aliniambia kila Februari 14 maofisa huja na mashada ya maua na hotuba. "Wakishaondoka," akasema, "ndipo watu wa pwani huja. Wanakaa. Hawana haraka." Nilimuuliza watu wa pwani gani. Alinitazama usoni, akagusa mkono wangu, akasema, "Watu kama wewe."

Nilikaa pale mpaka jua lilipokuwa kali.

Waliompiga risasi walimzika katika kanisa la Cuilapan. Serikali ya Bustamante ilianguka mwaka 1832. Mwaka uliofuata mifupa ya Guerrero ilifukuliwa na kupelekwa mjini Oaxaca kwa heshima, na mmoja wa wabunge wa jimbo waliopigania heshima hiyo alikuwa kijana Benito Juárez. Lucas Alamán, mmoja wa mawaziri wa Bustamante, alijificha kwa muda mrefu akikwepa kesi ya kifo hicho, na mwishowe akafutiwa mashtaka. Picaluga alihukumiwa kifo na mahakama ya kwao Genoa mwaka 1836, lakini hukumu ilisomwa bila mwenyewe kuwapo. Tangu 1925 mabaki ya Guerrero yako chini ya Mnara wa Uhuru katika Jiji la Meksiko, ambao watu huuita Malaika. Mashabiki wa kandanda hujaa hapo kila timu ya taifa inaposhinda.

Binti yake, Dolores, aliolewa na mwanasheria Mariano Riva Palacio. Mwaka 1832, mwaka mmoja baada ya risasi za Cuilapan, wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake. Vicente Riva Palacio alikuja kuwa jenerali, mwandishi wa riwaya na mwanahistoria, na nyaraka za mahakama ya kidini ya wakoloni zilifika mikononi mwake. Humo na katika karatasi nyingine za kale alikutana na habari ambazo hakuna aliyekuwa akizisimulia. Mojawapo ilikuwa ya Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwani karibu na Veracruz, akaishi milimani na watu wake kwa miaka mingi, akapigana na jeshi la Wahispania mwanzoni mwa karne ya 17, na hatimaye akawalazimisha wakubali mji wa watu weusi huru. Riva Palacio aliichapisha habari hiyo mwaka 1870. Mwaka 1932 mji huo, uliokuwa ukiitwa San Lorenzo, ulipewa jina la Yanga.

Uko karibu na Córdoba, upande wa njia ile ya zamani ambayo baghala walibebea kochinili kwenda Veracruz. Asubuhi ya kuondoka Oaxaca, mama mwenye nyumba alinifungia tamale za mahindi kwenye majani ya mgomba, akaniandikia kwenye kipande cha karatasi jina la bibi yake wa Pinotepa ili nilitafute kwenye vitabu vya ubatizo nitakapopita tena pwani. Nikapanda basi la kwenda Córdoba.